Monasteri ya Bikira Maria wa Ushindi

Somo la leo latupeleka Ureno, mjini Batalha. Tarehe 14 Agosti 1385, kesha ya sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, Mfalme João wa Kwanza alipigana na jeshi la Kastilia lililozidi sana lake kwa wingi. Aliweka nadhiri ya kumjengea Bikira Maria nyumba iwapo atashinda. Akashinda, na kazi ikaanza mwaka 1386. Nyumba hiyo alikabidhiwa Shirika la Wadominiko, waliokaa humo hadi mwaka 1834.

Kanisa lake lina kimo cha meta 32 kwa ndani, na upana wa meta 22 tu, hata macho ya aingiaye huvutwa juu kabla hajapiga goti. Ujenzi huo huitwa Gotiki. Tao limechongoka, uzito wa dari hushuka kwa mbavu za mawe hadi nguzoni, nazo kuta, zikiisha kupunguziwa mzigo, zaweza kufunguliwa madirisha makubwa ya vioo vya rangi. Lakini ajabu kupita zote ni chumba cha mikutano ya watawa. Kila upande una meta 19, dari ni la mawe matupu, wala hakuna nguzo hata moja katikati! Yasimuliwa kwamba waliolijenga walikuwa wafungwa waliohukumiwa kufa, maana wengine waliogopa kuangukiwa.

Sisi Wakongo tusipite upesi penye makaburi. Humo amelazwa João wa Pili, aliyemtuma Diogo Cão, naye akafika mdomo wa mto wetu mwaka 1482. Mfalme Nzinga a Nkuwu alipobatizwa mwaka 1491 alipewa jina la mfalme huyo. Humo pia amelazwa Henrique, mwana wa João wa Kwanza. Mwaka 1444 watumwa 235 waliteremshwa pwani ya Lagos, Ureno, naye akapokea sehemu moja ya tano.

Mimi sioni vema kusifu mawe na kunyamaza juu ya watu wale. Mfalme Afonso, mwana wa Nzinga a Nkuwu, Mkristo hodari, hakunyamaza. Mwaka 1526 alimwandikia mfalme wa Ureno kwamba wafanya biashara wanawakamata raia zake, hata jamaa zake mwenyewe, na kuwauza. Aliomba apelekewe mapadri na walimu, wala si wachuuzi.