JUMA LA KURUDI NYUMBANI
Habari za sikukuu ya shule katika Marekani

Kila nchi ina njia yake ya kuwakusanya watoto wake. Kwetu, mwana aliyekwenda mbali hurudi kwa ajili ya matanga, arusi au Noeli. Katika Marekani kuna sikukuu nyingine ya kurudi, nayo haikuanzia katika ukoo wala kanisani, bali shuleni. Jina lake ni "Kurudi Nyumbani". Leo tutazame mambo yanayofanyika katika sikukuu hiyo, na jinsi ilivyozaliwa. Kisha tuulize neno moja: ni nani waliokaribishwa nyumbani, na ni nani waliofungiwa mlango?

Mambo ya juma lenyewe

Shule ya sekondari ya Marekani kwa kawaida ina miaka 4, na wanafunzi wake wana umri wa miaka 14 hadi 18 hivi. Masomo yakisha kuanza, katika mwezi wa tisa au wa kumi, shule huchagua juma moja. Kila siku ya juma hilo ina desturi yake. Siku moja wanafunzi huja na mavazi ya watu wa zamani, siku nyingine na nguo za kulalia, siku nyingine wawili wawili wamevaa sawasawa kama mapacha. Ijumaa wote huvaa rangi za shule yao. Maana kila shule ina rangi zake, wimbo wake, na mnyama au shujaa wake, kama vile tai au simba. Mambo hayo ndiyo huwafanya vijana waseme "sisi", hata kama hawakutoka katika nyumba moja.

Ijumaa mchana shule nzima hukusanyika. Fanfari hupiga, wachezaji huitwa mbele, na vijana wenye kazi ya kuongoza kelele za furaha husimama mbele ya wenzao. Desturi hiyo ya kuongoza kelele imepita miaka mia. Mwaka 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi aitwaye Johnny Campbell alisimama mbele ya watazamaji akawaongoza wapige kelele kwa sauti moja. Hapo kwanza kazi hiyo ilikuwa ya wavulana tu. Wasichana waliingia baadaye.

Kisha yanafuata maandamano barabarani, na magari yaliyopambwa na kila darasa. Usiku ni mchezo. Mpira wao si kama ule wetu: una umbo la yai, na wachezaji huukamata kwa mikono na kukimbia nao. Wakati wa mapumziko wanatajwa mfalme na malkia waliochaguliwa kwa kura za wanafunzi, nao huvikwa taji mbele ya watu wote. Kesho yake, Jumamosi, ni dansi. Katika jimbo la Texas wasichana huvaa kifuani ua kubwa la krizantemo lenye riboni ndefu. Zamani lilikuwa ua la kweli, siku hizi ni la kitambaa.

Lakini wenye sikukuu hasa ni wale waliomaliza shule zamani. Baba mwenye mvi huketi karibu na mwanawe, akimwonyesha mahali alipokaa yeye. Mwalimu mzee husalimiwa na watu aliowafundisha kusoma.

Ilianza wapi?

Sekondari zilijifunza desturi hii kwa vyuo vikuu. Vyuo vingi hushindana kusema: "Sisi ndio wa kwanza." Baylor, katika Texas, waliwaita wanafunzi wao wa zamani mwaka 1909. Chuo cha Illinois kilifanya hivyo mwaka 1910. Lakini habari inayojulikana kuliko zote ni ya Chuo Kikuu cha Missouri, katika mji wa Columbia, mwaka 1911.

Missouri walikuwa na wapinzani wao wa miaka mingi, chuo cha jimbo la jirani la Kansas. Uadui wa majimbo hayo haukuanza na mpira. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, Missouri ilikuwa jimbo la watumwa, na Kansas iliingia katika taifa kama jimbo huru. Mwaka 1863 wapiganaji waliotoka Missouri waliuchoma mji wa Lawrence, ambapo chuo cha Kansas kipo leo, wakaua wanaume na wavulana wapata 150. Hata jina la wachezaji wa Missouri, "Tigers", lilitoka katika kikosi cha raia waliolinda Columbia wakati wa vita hivyo. Basi mahali watu walipokuwa wakiuana, wajukuu wao walikuja kushindana kwa mpira. Hilo lilikuwa jambo jema.

Kwa miaka mingi vyuo hivyo viwili vilichezea Kansas City. Mwaka 1911 ikatoka amri mpya: michezo ifanyike katika viwanja vya vyuo vyenyewe. Watu wa Columbia wakaogopa kwamba watazamaji hawatakuja katika mji wao mdogo. Ndipo Chester Brewer, mkuu wa michezo, alipowaalika wote waliosoma pale akisema warudi nyumbani. Wakaja. Kulikuwa na maandamano, na watazamaji walipita 9,000. Mchezo ukaisha sare, 3 kwa 3. Tangu hapo desturi ikaenea katika vyuo na sekondari za nchi nzima.

Wale waliofungiwa mlango

Ndugu msomaji, sasa tufike kwenye neno zito. Mwaka ule wa 1911, chuo kilichosema "rudini nyumbani" hakikupokea mwanafunzi mweusi hata mmoja. Sheria ya Missouri iliwatenga watoto weusi na weupe katika shule zote za serikali. Wazazi weusi walilipa kodi kama wengine, lakini watoto wao hawakuweza kuingia.

Kijana mmoja mweusi, Lloyd Gaines, alimaliza masomo yake katika Lincoln, chuo cha watu weusi cha jimbo lile lile. Akaomba kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Missouri. Akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Serikali ikamwambia: "Nenda ukasome katika jimbo jingine, sisi tutalipa." Yeye akakataa, akapeleka shauri lake mahakamani. Tarehe 12 Desemba 1938 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema kwamba ana haki ya kufundishwa sheria ndani ya jimbo lake. Lakini mwezi wa tatu wa 1939, akiwa Chicago, kijana huyo alitoka nyumbani usiku, asionekane tena mpaka leo. Chuo kilipokea wanafunzi weusi wa kwanza mwaka 1950. Mwaka 2006 kilimpa Gaines shahada ya heshima ya sheria, yeye mwenyewe asiwepo kuipokea.

Methali yasema: Mkataa kwao mtumwa. Gaines hakukataa kwao; kwao ndiko kulikomkataa.

Mlango wa shule za Wakatoliki

Je, shule za Eklezya zilikuwa tofauti? Tuseme ukweli: kwa muda mrefu hazikuwa tofauti. Katika mji mkubwa wa St. Louis, huko huko Missouri, watoto Wakatoliki weusi nao walitengwa. Mwezi wa pili wa 1944 Padri Claude Heithaus, Myezuiti, alihubiri mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha St. Louis, akalaumu ubaguzi huo waziwazi. Mwaka ule ule chuo kikapokea wanafunzi weusi.

Mwaka 1947 Askofu Mkuu Joseph Ritter akaamuru shule zote za Wakatoliki katika jimbo lake, za msingi na za sekondari, ziwapokee watoto bila kutazama rangi. Wazazi weupe mamia kadhaa wakakasirika, wakaunda chama, wakataka kumpeleka mahakamani. Askofu Mkuu akatuma barua isomwe katika makanisa yote, akiwaonya kwamba atakayemshtaki atatengwa na Eklezya. Wakapeleka malalamiko kwa mjumbe wa Baba Mtakatifu, hakuwaunga mkono. Chama kikavunjika. Mambo hayo yalikuwa miaka 7 kabla ya Mahakama Kuu kukataza, mwaka 1954, ubaguzi katika shule za serikali za nchi nzima. Ritter alifanywa Kardinali mwaka 1961, akafa mwaka 1967.

Mlango ukifunguliwa, kazi haijaisha

Baada ya 1954 mambo hayakunyooka mara moja. Katika miji mingi watoto weusi walipelekwa katika shule za weupe, na shule zao wenyewe zikafungwa. Maelfu ya walimu weusi walipoteza kazi. Jina la shule, rangi zake, wimbo wake, vikombe walivyoshinda, vyote vikasahauliwa. Ndiyo maana hata leo, mahali pengi, wazee waliosoma katika shule hizo hukusanyika kila mwaka, ingawa shule yenyewe haipo tena. Wanarudi nyumbani pasipo nyumba.

Na kule Columbia, mwaka 2015, wanafunzi weusi walisimama mbele ya gari la mkuu wa chuo katika maandamano ya sikukuu hiyo hiyo, wakilalamika kwamba wanatukanwa na hakuna anayesikia. Walijiita kwa mwaka ule wa 1950, mwaka mlango ulipofunguliwa. Wachezaji weusi wa timu wakasema hawatacheza. Tarehe 9 Novemba mkuu huyo akajiuzulu.

Hatusemi kwamba sikukuu hii ni mbaya. Kuipenda shule yako ni kumshukuru aliyekufundisha, na mtu asiyeshukuru hana adabu. Lakini upendo huo una hatari yake: neno "sisi" laweza kuwa ukuta. Nasi tuna vyama vya wanafunzi wa zamani wa shule za misioni, na nyimbo, na picha ukutani. Tutakapokutana tena, tusiwahesabu tu waliofika wakiwa wamevaa vizuri. Tuulize pia juu ya yule aliyeacha masomo kwa kukosa minervali, na yule msichana aliyerudishwa shambani ili kaka yake asome. Nao waliketi katika madawati yale yale. Mwaliko uwafikie na wao.