Farasi Alaye Upepo: Asili ya Baiskeli na Gharama Yake

Leo naanza kwa kitendawili. Farasi wangu hali majani wala hanywi maji. Chakula chake ni upepo tu, naye akiukosa haendi. Naam, watoto walioketi karibu nanyi wamekwisha kujibu: ni baiskeli. Wamesema kweli. Lakini baiskeli haikuzaliwa ikila upepo. Ilipita miaka 70 kabla haijafundishwa chakula hicho, na ilipokizoea ndipo ilipoacha kuwa mchezo wa matajiri, ikawa miguu ya mtu wa kazi. Habari hiyo ndiyo nitakayowasimulia, pamoja na jambo jingine ambalo wengi wanaopanda baiskeli hawalijui.

Mwaka 1815 mlima Tambora, katika visiwa ambavyo leo ni nchi ya Indonesia, ulilipuka kwa kishindo kikuu, na mwaka uliofuata Ulaya ilikosa kiangazi. Mazao yaliharibika, hata chakula cha watu na cha farasi kikawa adimu. Wako wanahistoria wanaodhani kwamba shida hiyo ndiyo iliyomfanya Karl Drais, bwana mmoja wa Ujerumani, atafute chombo cha kwendea kisichohitaji majani. Tarehe 12 Juni 1817, katika mji wa Mannheim, alitoka na kifaa cha mti chenye magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma. Hakikuwa na vikanyagio wala mnyororo. Aliketi katikati, akaisukuma ardhi kwa miguu kama mtu akimbiaye, kisha akainua miguu na kuteleza. Alikwenda maili 8 hivi kwa muda usiofika saa moja. Hivyo ilionekana kwamba mtu aweza kukaa juu ya magurudumu mawili yafuatanayo asianguke, maadamu yanakwenda.

Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia vikanyagio katika gurudumu la mbele. Wengine humpa sifa hiyo Pierre Michaux, wengine Pierre Lallement, ambaye alipata hati ya uvumbuzi huo huko Marekani mwaka 1866. Sasa miguu haikugusa ardhi tena. Walakini magurudumu yalikuwa ya mti yaliyovikwa chuma, na barabara zilikuwa za mawe. Waingereza walikiita chombo hicho mtikisa mifupa, na aliyekipanda hakuhitaji kuelezwa sababu.

Tena kulikuwa na tatizo jingine. Kikanyagio kilipozunguka mara moja, gurudumu nalo lilizunguka mara moja tu. Aliyetaka mwendo zaidi hakuwa na budi kupata gurudumu kubwa zaidi. Basi katika miaka ya 1870 mafundi, kama James Starley wa mji wa Coventry huko Uingereza, walilikuza gurudumu la mbele hata mengine yakafikia kimo cha futi 5. Gurudumu la namna hiyo hupiga karibu futi 16 kila lizungukapo. Mwendo ulipatikana, lakini mpandaji aliketi juu kama aliyepanda mwembe, na jiwe dogo njiani liliweza kumtupa kichwa mbele. Ulikuwa mchezo wa vijana wenye nguvu na fedha. Mzee hakuthubutu, wala mwanamke aliyevaa gauni refu hakuweza.

Mwaka 1885 John Kemp Starley, mwana wa ndugu yake huyo James, alileta baiskeli iliyoitwa Rover. Magurudumu yake yalikaribiana kwa ukubwa, na nguvu ya miguu ilipelekwa kwa mnyororo hata gurudumu la nyuma. Hapo ndipo penye hekima. Gurudumu la meno lililo kwenye vikanyagio likiwa na meno mara mbili ya lile la nyuma, kila mzunguko mmoja wa miguu huzungusha gurudumu la nyuma mara mbili. Basi gurudumu la inchi 28 hupiga futi 14 na zaidi, karibu sawa na lile jitu la futi 5, na mpandaji akisimama miguu yake yafika chini. Itazameni baiskeli iliyoegemezwa ukutani kwenu. Umbo lake latokana na hilo la mwaka 1885.

Limebaki tatizo la kutikisika. Huko Belfast, katika Ireland, aliishi daktari wa wanyama aitwaye John Boyd Dunlop. Mwanawe mdogo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, naye aliteseka sana juu ya mawe ya barabara. Mwaka 1887 baba mtu alifanya mipira yenye uwazi ndani, akaijaza upepo, akaifunga kwenye magurudumu. Mwaka 1888 alipata hati ya uvumbuzi wake. Wazo lenyewe lilikuwa limekwisha kuandikwa na Robert William Thomson mwaka 1845, lakini lilikuwa limesahauliwa. Watu waliicheka mipira hiyo minene. Mwezi wa Mei 1889 mshindani mmoja, Willie Hume, aliitumia katika mashindano ya Belfast akawashinda wenziwe, na kicheko kikaisha.

Tangu hapo mambo yaligeuka upesi. Viwanda viliongezeka, na bei zikashuka. Mwaka 1894 wafanya kazi wa Birmingham walianzisha chama chao cha baiskeli kilichoitwa Clarion, wakawa wakitoka siku za mapumziko kwenda kuvuta hewa safi mashamba. Chombo kilichompeleka mtu matembezini Jumapili kilimpeleka kazini Jumatatu, na aliyelazimika kukaa karibu na kiwanda aliweza sasa kukaa mbali. Wanawake nao walipanda. Susan B. Anthony, aliyepigania haki zao huko Marekani, alinena mwaka 1896 kwamba hakuna kitu kilichowafungua wanawake kuliko baiskeli.

Lakini, wasikilizaji, mpira huo ulitoka wapi? Mwingi ulitoka misitu ya Brazil, na sehemu nyingine ilitoka Kongo, nchi aliyoitawala Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kama mali yake mwenyewe tangu 1885. Huko utomvu ulikamwa katika mimea itambaayo juu ya miti, ya jamii moja na mibungo ambayo watoto wa pwani hula matunda yake. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha kuleta. Kilipopungua, wake za watu walishikwa rehani, vijiji vilichomwa moto, na askari walikata mikono ya watu ili waonyeshe kwamba risasi zao hazikupotea bure. Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, alizunguka huko mwaka 1903, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1904. Kelele za dunia zilizidi, na mwaka 1908 Leopold alinyang'anywa nchi ile. Si baiskeli peke yake iliyotaka mpira. Motokaa na mitambo mingine iliutaka pia. Hata hivyo, raha ya yule aliyeteleza barabarani Ulaya ilikuwa na damu ya mtu asiyepata kuiona baiskeli.

Baadaye chombo hicho kilifika kwetu. Mwalimu alikipanda kwenda shuleni, na karani kwenda afisini. Wakulima wa Uganda walikinunua kwa fedha za pamba na kahawa. Katika miaka ya 1960, huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walianza kuvusha abiria juu ya kiti cha nyuma, wakiita kwa Kiingereza kwamba wanakwenda mpaka hata mpaka. Sauti hiyo ndiyo iliyozaa neno bodaboda, ambalo siku hizi pikipiki imelirithi.

Basi kesho asubuhi, utakapoinama kujaza upepo, kumbuka kwamba farasi wako ametoka mbali. Mjerumani alimpa magurudumu, Mfaransa vikanyagio, Mwingereza mnyororo, daktari wa wanyama upepo. Naye Mwafrika wa Kongo alitoa ngozi ya kuufungia upepo huo, wala hakulipwa. Mafundi wale majina yao yamo vitabuni, yeye hakuandikwa. Kwa hiyo na tumkumbuke sisi. Kwaherini.