Lusenga, Karabai na Msaada: Historia Fupi ya Uvuvi wa Ndagaa Kalemie

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba msaada unaotolewa kwa wavuvi maskini wa ziwa Tanganyika hauwezi kupimwa bila kuchunguza historia ya vyombo vyao.

Hapo kale mvuvi wa ndagaa alitoka usiku kwa mtumbwi, akawasha moto wa kuni ili kuwavuta samaki, kisha akawateka kwa lusenga, yaani wavu wenye mpini mrefu. Kazi hiyo ilihitaji mikono na ujuzi kuliko fedha. Katika miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Wavuvi wa Kigiriki walileta Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mashua za injini na nyavu kubwa za kuzungushia. Kutoka Burundi ukaenea uvuvi wa mitumbwi iliyofungwa pamoja, yenye wavu wa kuinua na taa za karabai. Tangu hapo mwenye kuvua na mwenye chombo wakawa watu wawili: tajiri ana taa, wavu na mafuta, mvuvi ana nguvu zake na fungu lake.

Baada ya vita vya 1998–2003 mashirika ya misaada yaligawa nyavu, ndoana na kamba. Tusiudharau msaada huo, kwani aliyepoteza kila kitu hawezi kungoja nadharia. Hata hivyo wavu huchakaa, na ukichakaa mvuvi humrudia tajiri.

Tena ziwa lenyewe lina kipimo. Kati ya 1992 na 2001 FAO, kwa fedha za Ufini, iliendesha utafiti juu ya samaki wa ziwa hili. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza kwamba ongezeko la joto limepunguza uzazi wa ziwa kwa kadiri ya asilimia 20. Mwaka huohuo Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi. Kuongeza nyavu, basi, si kuongeza samaki.

Nasi wa Kiambi, kando ya mto Luvua, tunamjua ndagaa akiwa mkavu. Kwa hiyo tusiwasahau wanawake wanaomnunua ufukoni, wakamwanika na kumleta bara. Nao wanastahili msaada.

Kwa kuhitimisha, msaada ufaao ni ule unaomwezesha mvuvi kukimiliki chombo chake, na kukubaliana na wenzake lini kuvua na kwa wavu gani. Usipofanya hivyo, humbadilishia maskini tajiri tu.