Mabishano ya fedha za taifa na chimbuko la vyama vya siasa Tanzania

Mabishano ya fedha za taifa nchini Tanzania yalidumu tangu miaka ya mwanzo ya uhuru hadi katikati ya miaka ya 1990. Yalihusu nani ashike sarafu, benki na madeni ya nchi, na kwa masharti ya nani. Kwa sehemu kubwa yalipiganwa ndani ya chama kimoja, TANU na baadaye CCM. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, baadhi ya walioshindwa vikaoni ndio walioanzisha vyama vipya. Makala hii inayafuata mabishano hayo pamoja na sura yake katika nyanda za kati, hasa Kolo wilayani Kondoa.

Vyama vya mwanzo vya Tanganyika havikugawanywa na fedha. TANU ya mwaka 1954, UTP ya mwaka 1956 na ANC ya Zuberi Mtemvu, iliyoanzishwa mwaka 1958, vilishindana juu ya rangi, uraia na mwendo wa kudai uhuru. Hata baada ya Desemba 1961, shilingi iliendelea kutolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo cha mwaka 1919 kilichoifungamanisha na pauni ya Uingereza. Serikali yenye bendera yake haikuwa na mamlaka juu ya noti zake.

Mwaka 1965 ulibadili mambo mawili kwa pamoja. Katiba iliifanya TANU chama pekee Tanzania Bara, na Bunge likapitisha sheria ya kuunda Benki Kuu ya Tanzania. Benki hiyo ilifunguliwa Juni 1966, na gavana wake wa kwanza, Edwin Mtei, alikuwa na umri wa miaka 33. Hivyo nchi ilipata uwezo wa kubishana juu ya fedha zake wakati uleule ilipofunga mlango wa kubishana kwa vyama. Naona hapo ndipo kiini cha historia yote iliyofuata.

Nchini Marekani mambo yalikwenda kinyume. Alexander Hamilton, waziri wa fedha wa kwanza, alitaka serikali kuu ibebe madeni ya majimbo na iwe na benki ya taifa. Thomas Jefferson na James Madison walipinga, na benki hiyo ilipopata hati yake mwaka 1791 kambi mbili zilikuwa zinajijenga. Kabla muongo huo haujaisha zilikuwa vyama kamili. Suala la madeni lilipatiwa kura mwaka 1790 kwa mapatano yaliyoupeleka mji mkuu kwenye Mto Potomac. Dodoma nayo ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini kwa uamuzi wa TANU peke yake. Hapakuwa na upande wa pili wa kupatana nao.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa, pamoja na mengine, tamko la fedha. Lilikataa kuzifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, likaonya juu ya kutegemea mikopo na misaada ya nje, na likasema wazi kwamba deni la kiwanda cha mjini hulipwa kwa mazao ya mkulima. Siku chache tu baadaye benki binafsi zilitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa.

Mgogoro mkubwa ulifika mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ilipanda, vita vya kumwondoa Idi Amin viliikausha hazina, na akiba ya fedha za kigeni ikawa karibu kwisha. Mtei, ambaye sasa alikuwa Waziri wa Fedha, alijadiliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Masharti yalikuwa kushusha thamani ya shilingi, kubana matumizi na kulegeza udhibiti wa bei na uagizaji. Mwalimu Nyerere aliyakataa, na Mtei akajiuzulu. Mwanzoni mwa 1980 Nyerere alihoji hadharani ni nani aliyelifanya shirika hilo kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwa kuwa shilingi ikishuka bila bidhaa madukani, anayeumia kwanza ni mnunuzi wa sabuni na chumvi. Lakini Mtei naye alikuwa anatazama vitabu vya hesabu, na hesabu hazikuwa na mahali pa kukimbilia.

Kolo iko katika vilima vya Irangi, kwenye barabara ya zamani ya Dodoma, Kondoa na Babati, na inajulikana zaidi kwa michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwaka huohuo wa 1979 Warangi wa vilima hivyo walitakiwa kuondoa mifugo yao yote. Makorongo yalikuwa yamekata ardhi na mchanga ulikuwa ukifunika mashamba ya bondeni, kwa hiyo mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ulifunga malisho katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Wenye ng'ombe waliwapeleka kwa jamaa na marafiki nje ya eneo. Samadi, maziwa na akiba ya siku ya dhiki viliondoka pamoja nao. Miti na nyasi zilirudi, na baadaye wakaletwa ng'ombe wa maziwa wa kufugiwa bandani. Sehemu kubwa ya gharama ililipwa na Sweden. Nchi iliyotangaza kujitegemea ilikuwa inaponya udongo wake kwa fedha za wahisani, na mfugaji wa Kolo hakuwa na chama cha kumuulizia bei ya uponyaji huo.

Ndani ya CCM mvutano uliendelea. Profesa Kighoma Malima alikuwa miongoni mwa wapinzani wakubwa wa masharti ya nje, na Cleopa Msuya akawa upande wa kulegeza. Bajeti ya 1984 ilishusha shilingi, ikaondoa ruzuku ya unga wa sembe na kuruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa. Mapatano na Shirika la Fedha yalitiwa saini mwaka 1986 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi.

Sheria ya vyama vingi ilipopita mwaka 1992, Mtei alianzisha CHADEMA, chama kilichotetea soko na mtaji binafsi. Mwenzake alikuwa Bob Makani, aliyewahi kuwa naibu gavana wa Benki Kuu. Malima naye aliihama CCM mwaka 1995 na kujiunga na NRA, akafariki mwaka huohuo. Katika uchaguzi wa Oktoba, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, mchumi aliyekuwa mshauri wa Mwinyi, alipata takriban asilimia 6 ya kura za urais. John Cheyo wa UDP, ambaye ahadi zake za kuwajaza wananchi manoti zilimpa jina la Mapesa, alipata asilimia 4.

CHADEMA ilikua polepole. Iliyoipa nguvu mpya ilikuwa Benki Kuu yenyewe. Mwaka 2007 Dk. Willibrod Slaa aliibana serikali juu ya akaunti ya madeni ya nje, EPA, na ukaguzi ukaonyesha kuwa shilingi bilioni 133 zilichotwa isivyo halali. Januari 2008 Rais Jakaya Kikwete alimwondoa gavana. Mwaka 2010 Slaa aligombea urais akapata zaidi ya robo ya kura, kwa tiketi ya chama kilichoasisiwa na gavana wa kwanza wa benki hiyohiyo.