Hubert Ogunde, polisi aliyegeuka mwasisi wa tamthilia ya Wayoruba
Hubert Ogunde alizaliwa mwaka wa 1916 kijijini Ososa, karibu na Ijebu-Ode, kusini magharibi mwa Nigeria. Babake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, ilhali babu yake mzaa mama alikuwa kuhani wa Ifa. Nyimbo za pande zote mbili zilisikika katika michezo yake.

Akiwa afisa wa polisi, aliandaa mchezo wake wa kwanza mwaka wa 1944 kwa ombi la kanisa moja jijini Lagos. Baadaye aliacha kazi na kuanzisha kundi la kuzunguka nchini. Jamii ikiwadharau waigizaji wa kike, aliwaoa wengi wao, na kundi likawa ukoo.

Mwaka wa 1964, serikali ya jimbo la Magharibi ilipiga marufuku kundi hilo kwa sababu ya mchezo Yoruba Ronu, uliowasuta wanasiasa. Marufuku iliondolewa mwaka wa 1966. Ogunde alifariki London mwaka wa 1990.