Mwenye Upanga, Asiye na Jina

Picha yenyewe ni ndogo: kimo sentimita 31 hivi, upana 21, kama karatasi ya kuandikia barua. Jan Mostaert, mchoraji wa mji wa Haarlem, aliichora kwa rangi za mafuta juu ya ubao kati ya 1525 na 1530 hivi, na leo imo katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Aliyechorwa ni mwanamume Mwafrika.

Watu weusi walikuwa wameshazoeleka katika sanaa ya Ulaya. Kwa miongo mingi wachoraji walimpaka rangi nyeusi mmoja wa mamajusi waliomzuru mtoto Yesu. Lakini mamajusi ni wahusika wa hadithi. Kwa kawaida hawakuchorwa ili wafanane na mtu fulani. Huyu wa Mostaert ana uso wake mwenyewe na ndevu zake fupi, na yuko peke yake.

Ukitazama mavazi, unaona gharama. Ana glavu, upanga, na mkoba uliotariziwa kwa ufundi. Vitu hivyo havikuwa vya mtumishi wa jikoni. Kinachosema zaidi ni beji iliyo kwenye kofia yake nyekundu: ni ya mahujaji wa Bikira Maria wa Halle, kusini mwa Brussels, mahali palipopendwa sana na watu wa kasri la ukoo wa kifalme wa Habsburg. Sanamu inayoheshimiwa huko ina uso mweusi. Sitaki kulijengea hoja jambo hilo, ila ni vigumu kulipita kimya.

Sasa mweke kando ya Katharina. Mwaka 1521, mjini Antwerp, mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alimchora msichana huyo Mwafrika kwa kalamu ya fedha, katika nyumba ya João Brandão, wakala wa biashara wa mfalme wa Ureno. Ureno ilikuwa ikileta Waafrika watumwa Ulaya kwa wingi tangu miaka ya 1440. Katharina, mtumishi wa nyumba hiyo, amefunga kitambaa kichwani, macho ameyainamisha. Dürer aliandika juu ya karatasi jina lake na umri wake: miaka 20. Basi aliyekuwa chini ya amri ya wengine ndiye tunayemjua kwa jina, ingawa ni jina la ubatizo tu; mwenye upanga hana hata hilo. Dürer alikuwa mpita njia aliyejiandikia kumbukumbu. Picha ya Mostaert, kwa maoni yangu, ilikuwa ya watu waliomfahamu mhusika, na wao hawakuhitaji kuandikiwa ni nani.

Watafiti wamependekeza jina kutoka katika orodha za watumishi wa Kaisari Charles V, wa ukoo huo wa Habsburg: Christophle le More, mpiga upinde katika kikosi cha walinzi wake. Mlinzi wa namna hiyo angestahili upanga, na kwenda Halle kusingekuwa ajabu kwake. Makumbusho yameliandika jina hilo kwenye anwani ya picha, ndani ya mabano, yakalifuatisha na alama ya kuuliza.