Eve D'Souza: Kutoka redioni hadi utayarishaji wa vichekesho vya runinga

KATIKA nyumba nyingi za Nairobi, mfanyakazi wa nyumbani huitwa "auntie". Neno hilo lina heshima ya kindugu, ingawa wakati mwingine huficha ukweli kwamba anayeitwa hivyo hulipwa kidogo na hulala wa mwisho. Eve D'Souza alilichukua neno hilo, akaliongezea "boss", akapata jina la mojawapo ya vichekesho vilivyopendwa mno na watazamaji wa Kenya.

D'Souza, Mkenya mwenye asili ya Kihindi, alijulikana kwanza kwa sauti. Akiwa mtangazaji wa Capital FM, aliendesha kipindi cha vijana cha Hits Not Homework kwa miaka mingi. Baadaye aliiacha redio na kujitosa katika utayarishaji wa vipindi kupitia kampuni ya Moonbeam Productions. Mwaka wa 2014, Auntie Boss! ilianza kuonyeshwa NTV.

Kisa chake kinahusu wafanyakazi wa nyumbani katika mtaa wa kubuni uitwao Taifa. Sandra Dacha aliigiza Silprosa, naye Nyce Wanjeri akawa Shiro. D'Souza mwenyewe alichukua nafasi ya Varshita, mwajiri wa Kihindi mwenye makuu. Uigizaji wa Wanjeri ulimpatia tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho katika Africa Magic Viewers' Choice Awards, Septemba 2018, mjini Lagos.

Umuhimu wa kipindi hicho unaeleweka vyema ukitazamwa kutoka Bungoma na Kitale. Ni katika sehemu kama hizo za magharibi ambako wasichana wengi wameabiri basi kwenda kutafuta kazi za nyumbani Nairobi. Kutoka Kitale pekee safari ni takriban kilomita 380. Runinga nayo imewatumia sana watu wa huko. Katika Vitimbi ya KBC, Mary Khavere alivuma kama Mama Kayai. Katika Papa Shirandula ya Citizen, iliyoongozwa na marehemu Charles Bukeko hadi kifo chake Julai 2020, Daisy Odeko aliitwa Naliaka, jina ambalo Wabukusu humpa msichana aliyezaliwa msimu wa palizi. Jacky Vike naye akawa Awinja.

Hapo ndipo penye utata. Lafudhi ya Kiluhya ikitamkwa tu, watu hucheka. Je, wanamcheka nani? Mama wa Bungoma ambaye bintiye yuko jikoni kwa watu ana haki ya kuuliza swali hilo. Jibu hutegemea mwandishi. Yaya akiandikwa kama mjinga asiyejua kuwasha jiko la gesi, kicheko humwangukia yeye. Akiandikwa kama mtu anayezijua siri zote za nyumba kuliko wenye nyumba, kicheko humrudia mwajiri. Auntie Boss! ilifuata njia ya pili, na tajiri aliyechekwa zaidi aliigizwa na mwenye kipindi mwenyewe.

Kazi ya mtayarishaji haiishii kwenye mzaha. Ni yeye anayetafuta fedha, kuajiri waandishi na waigizaji, kupanga siku za kurekodi na kujadiliana na kituo. Ndiyo sababu vichekesho vingi hutumia nyumba zilezile na wahusika walewale: gharama hupungua, naye mtazamaji huwazoea kama majirani. Kila wiki tatizo jipya huzuka, huchafua hali ya hewa, kisha mambo hurejea yalivyokuwa.

Kwa binti wa Kitale au Bungoma mwenye daftari la michezo aliyoiandikia tamasha za drama za shule, safari ya D'Souza ina funzo. Anayeigiza hupewa maneno ya kusema. Anayeandika na kutayarisha huamua nani atachekwa.